Profesa aliyejenga programu ya jazz chuoni, na kilichobaki alipostaafu

Kisa kinahusu nini

Kisa hiki kimetokea kwenye chuo kikuu kimoja cha serikali ya jimbo, kusini mwa Marekani, chuo cha saizi ya kati, si vile ambavyo ukivitaja tu wanamuziki wanageuka. Jina la chuo, mji na majina ya watu nimeyatoa, na vitu viwili vitatu ambavyo vingemtambulisha mtu nimevibadilisha, ila mtiririko wa mambo na sababu za maamuzi nimeviacha kama vilivyo. Mhusika mkuu nitamwita Profesa tu. Mimi nilikuwa msaidizi wake wakati nasoma masters, nilitoka Tanzania na tromboni niliyojifunzia kwenye tarumbeta za kanisa la Kilutheri, kwa hiyo ya miaka ya mwisho niliyaona mwenyewe, na ya mwanzo nimeyapata kwake, kwa walimu wenzake, na kwenye mafaili ambayo nilipewa kazi ya kuyapanga.

Naandika kwa sababu kila nikikaa na walimu wa muziki huku kwetu, wa vyuoni au wa akademi ndogondogo, swali linakuja lilelile: unaanzaje programu ya muziki ambao si klasiki ndani ya chuo ambacho muziki kwao maana yake ni klasiki? Kisa hiki kinajibu hilo vizuri tu. Kuna swali la pili watu hawaulizi mapema, programu inaishije mwenye nayo akiondoka, na hilo nalo limo humu ndani na linauma.

Jazz ilivyoingia vyuoni

Kidogo historia, maana bila hiyo utashangaa kwa nini Profesa alihangaika vile. Watu wanadhani jazz iliingia vyuo vya Marekani kirahisi kwa kuwa ni muziki wao. Wapi. Chuo ambacho leo ni University of North Texas kilianza kutoa digrii mwaka 1947 na ikabidi waiite ya bendi ya dansi ili ipite, na mwaka huo chuo chenyewe kilikuwa bado hakipokei wanafunzi Weusi. Fikiria hilo. Digrii ya muziki uliozaliwa na Weusi, na Mweusi haruhusiwi kuisoma. Berklee ya Boston ilianza 1945 kama shule ndogo ya binafsi. Mwanamuziki David Baker alianza kufundisha jazz Chuo Kikuu cha Indiana 1966 na digrii ikapitishwa 1968, mwaka huohuo walimu wa jazz wakaunda chama chao cha taifa. Jackie McLean, yule mpiga saksafoni, alianza kufundisha Chuo Kikuu cha Hartford mwishoni mwa miaka ya 60 na ilipofika 1980 ndo ikaanzishwa idara kamili ya muziki wa Wamarekani Weusi. Kwetu Afrika, Chuo Kikuu cha Natal pale Durban kilimchukua mpiga piano Darius Brubeck kuanzisha masomo ya jazz mwaka 1983, katikati ya ubaguzi wa rangi.

Ukiziangalia hizo zote utaona kila mahali kuna mtu mmoja king'ang'anizi, na kila mahali kuna karatasi ambayo huyo mtu alifanikiwa kuisainisha. Wanaosimulia hadithi hizi wanampenda yule mtu, ile karatasi wanaisahau.

Mwanzo: saa na namba ya kozi

Profesa aliajiriwa mwishoni mwa miaka ya 80 kufundisha chombo cha kupuliza, klasiki, na kwenye barua yake ya ajira mwishoni kabisa kulikuwa na sentensi moja kwamba atasimamia pia bendi ya jazz ya wanafunzi. Saa hazikutajwa, bajeti haikutajwa, na kwenye hesabu ya mzigo wa kazi sentensi ile ilikuwa sifuri. Bendi yenyewe ilikuwa inakutana usiku watu wakishakula, kwenye chumba cha kwaya, wanaanza kwa kuhamisha viti na wanamaliza kwa kuvirudisha, na wiki ya mitihani nusu hawaonekani kwa sababu hakuna anayepata maksi yoyote kwa kuja.

Wengi wetu tungeanza kwa kuomba hela. Profesa hakuomba hata senti. Aliomba vitu viwili tu, bendi ipewe namba ya kozi yenye krediti moja (krediti ni kipimo cha uzito wa kozi kinachohesabiwa kwenye digrii), na ipewe saa ya mchana mara mbili kwa wiki.

Sababu alinieleza mara nyingi. Hela ya mwaka huu inakatwa mwakani, ila kozi ikishaingia kwenye katalogi ya chuo kuiondoa kunataka kikao, hoja na sahihi, na watu wa vyuoni hawana hamu ya kukaa kikao ili waondoe kitu ambacho hakiwasumbui. Kuhusu saa alikuwa anatoa mfano wa North Texas, kule bendi zao zinaitwa kwa muda wa mazoezi, ile ya juu kabisa ni One O'Clock Lab Band kwa sababu inafanya mazoezi saa saba mchana, inafuata ya saa nane na kuendelea, yaani saa ndo cheo. Bendi inayofanya mazoezi usiku kila mtu anaichukulia kama klabu ya kujifurahisha hata kama inapiga vizuri kuliko zote.

Saa aliyoitaka ilikuwa mikononi mwa bendi ya vyombo vya upepo na mwenye nayo hakutaka kusikia. Basi Profesa akaenda kwa mkuu wa idara akajitolea kubeba darasa la nadharia la mwaka wa kwanza, lile ambalo walimu wote walikuwa wanalikwepa kwa sababu ya wingi wa wanafunzi na madaftari ya kusahihisha, akalibeba miaka mitatu mfululizo, na kwa kubadilishana akapata Jumanne na Alhamisi saa tisa. Namba ya kozi ilipita mwaka uliofuata. Mahudhurio yalibadilika muhula huohuo.

Hakukuwa na watu wa mdundo

Tatizo la pili lilikuwa kubwa zaidi. Idara ilikuwa inapokea wanafunzi kwa usaili wa klasiki peke yake, kwa hiyo wapulizaji walikuwepo tele lakini nyuma hapakuwa na kitu. Mpiga gitaa la umeme hana mlango wa kuingilia. Mpiga besi labda awe wa orkestra, na huyo anajua kuburuza upinde lakini hajawahi kutembeza besi kwa kidole. Dramu ilikuwa inapigwa na mtu wa bendi ya uwanjani, ile ya kwenye mechi za mpira wa Kimarekani, amezoea ngoma moja kifuani, leo umemkalisha kwenye seti nzima na miguu yake haijui iende wapi.

Bila watu wa mdundo, yaani besi, dramu, piano na gitaa, huna jazz, hata ukiwa na tarumbeta nzuri kiasi gani. Profesa akaamua bendi iwe wazi kwa mwanafunzi yeyote wa chuo, awe wa muziki au wa kilimo. Wenzake walilalamika kwamba anashusha kiwango, na kwa mtazamo wao hoja ilikuwepo, wao wamechuja watu kwa usaili mgumu halafu huyu anafungua geti. Jibu lake lilikuwa kwamba kiwango cha bendi kinaamuliwa na besi na dramu, na hao wawili kwa usaili ule hawawezi kupita kamwe.

Mpiga dramu wa kwanza wa maana alikuwa anasoma uuguzi. Mpiga piano alikuwa wa uhandisi, kijana Mweusi aliyekulia kanisani, anaweza kumfuata mhubiri kwenye kinanda nusu saa nzima bila karatasi, ila ukimwekea nota mbele vidole vinakuwa kama vya kuazima. Kumpata huyo Profesa alienda kanisani kwao Jumapili kadhaa, akakaa viti vya nyuma, akasubiri ibada iishe, akasalimia wazee wa kanisa kwanza ndo akazungumza na kijana. Alifanya hivyo kwenye makanisa mengi ya mji ule kwa miaka mingi, na hapo ndipo programu yake ilipopata watu ambao vyuo vya jirani havikuwa nao.

Naomba nieleze mazoezi yake kwa karibu kidogo maana hapa ndo nilijifunza kazi. Wanapiga bluesi ya F, wimbo wa vipimo kumi na viwili unaojirudia, kitu cha kawaida kabisa, na bendi inaburuza, mdundo unazidi kuchelewa. Anasimamisha. Kwa mpiga dramu anaondoa vyote, anamwachia sahani moja tu ya mkono wa kulia na kijiti kimoja. Besi itembee mapigo manne kwa kila kipimo, isiongeze chochote. Gitaa nalo likate manne yake kwa sauti ndogo, alivyokuwa anapiga Freddie Green kwenye bendi ya Count Basie kwa karibu miaka 50. Wapulizaji wanaweka vyombo mapajani, wanaimba sehemu zao kwa mdomo na kupiga makofi kwenye pigo la pili na la nne, na ukipiga kwenye la kwanza chumba kizima kinakusikia. Dakika ishirini zinapita hakuna aliyepuliza. Halafu anasema haya chukueni, wanapuliza mara moja tu, na bendi inakaa mahali pake. Hakuwa anaongea sana kuhusu swingi, ule mdundo wa jazz unaobembea. Alikuwa anaondoa vinavyoizuia.

Akaweka na sheria mbili. Kila wiki wimbo mmoja unashikwa kwa sikio kutoka kwenye rekodi, karatasi marufuku, na hapo watoto wa kanisani ndo wanakuwa walimu wa watoto waliofundishwa muziki wa klasiki kwa nota. Na kila asiyesoma nota anapewa saa moja ya ziada ya kusoma kila wiki. Hiyo saa ya kusoma ndo niliyokuwa nafundisha mimi. Heshima ilikuwa inakwenda pande zote mbili, na sijaona chuo kingine kilichopanga hivyo kwa makusudi.

Mzee wa besi

Mjini pale alikuwepo mzee mmoja mpiga besi aliyezunguka na bendi kubwa miaka mingi kabla ya kurudi kwao kuuguza mama yake. Hakumaliza chuo. Fomu ya ajira inataka masters. Njia rahisi ilikuwa kumwita kama mgeni, anakuja mara mbili tatu kwa mwaka, analipwa kwa bahasha ya michango, anapigwa picha na amidi. Profesa alifanya hivyo mwaka mmoja akaacha, akasema mgeni ni mtu wa kwanza kusahaulika hela ikipungua, na wanafunzi wanamwona mzee wa watu kama maonyesho.

Akaanza kutengeneza faili. Taasisi zinazokagua ubora wa shule za muziki kule zinaruhusu uzoefu wa kazi uhesabiwe mahali pa digrii, ila lazima uthibitishwe, na hakuna aliyekuwa tayari kufanya kazi ya kuuthibitisha. Profesa akakusanya majina ya rekodi ambazo mzee amepiga, karatasi za programu za matamasha, barua za wanamuziki waliofanya naye kazi, akamwandikia historia yake yote kwa lugha ya maofisini. Faili lilirudishwa, likarekebishwa, likarudishwa tena. Ilichukua zaidi ya mwaka, mzee akaingia kama mwalimu wa muda, wa kulipwa kwa saa.

Wanafunzi walimwita Mister na jina lake la kwanza, ndo heshima ya kusini huko kwa mtu mzima. Ufundishaji wake ulikuwa wa maneno machache. Nakumbuka mpiga saksafoni mmoja alimuuliza, hapa kwenye hii chodi (nota kadhaa zinazopigwa pamoja) nitumie skeli gani, yaani ngazi gani ya nota? Mzee akamuuliza, wewe maneno ya wimbo unayajua? Hayajui. "Nenda kajifunze maneno kwanza, halafu uje uniulize." Kijana alirudi wiki iliyofuata na hakuwa na swali tena, maana akishaimba mashairi kichwani solo yake, ile sehemu anayopiga peke yake kwa kubuni, inajua pa kupumulia.

Bendi kubwa au vikundi vidogo

Bendi kubwa ya jazz ni watu 17: saksafoni tano, tarumbeta nne, tromboni nne, na nyuma piano, besi, gitaa na dramu. Inapendeza jukwaani, wazazi wanaielewa, amidi anaielewa. Lakini ndani yake wanaopata nafasi ya kubuni papo hapo ni watu wachache, tromboni wa tatu anaweza kumaliza miaka minne hajapiga solo hata moja. Profesa akaamua kwamba huwezi kukaa bendi kubwa bila kuwa kwenye kikundi kidogo cha watu watano au sita, ambako hakuna pa kujificha.

Kwa mafunzo uamuzi ulikuwa sahihi kabisa. Kwa uendeshaji ulimwelemea, kwa sababu kila kikundi kinataka mwalimu wa kukisikiliza na walimu hawakuwepo, kwa hiyo alivibeba vyote yeye, jioni na Jumamosi, bila kuandikiwa saa. Alipoulizwa alisema ataomba saa hizo baadaye programu ikisimama. Idara nayo ikazoea kwamba vikundi vipo na havigharimu kitu.

Digrii: ilivyokataliwa na ilivyopita

Karibu na mwaka wa saba alipeleka pendekezo la digrii kamili ya jazz. Lilikataliwa na ukisoma mafaili unaona kwa nini. Digrii ya kwanza kule kwa kawaida ni krediti 120, na ndani yake kuna masomo ya jumla ya chuo ambayo huwezi kuyagusa, kuna nadharia na historia ya klasiki ambayo wenye nayo hawataki kuyapunguza, na yeye akaongeza juu ubunifu wa papo hapo, upangaji wa muziki kwa bendi, historia ya jazz na piano ya jazz. Hesabu haikukaa. Pia digrii mpya ilihitaji kupita mpaka bodi ya jimbo, na bodi inauliza wahitimu watafanya kazi wapi.

Kwenye kamati ya mitaala mjumbe mmoja aliuliza swali ambalo Profesa alilichukulia kama matusi siku ile na baadaye akakubali lilikuwa swali zuri: mtu akibuni papo hapo, mtihani wake unausahihishaje? Alikaa nalo karibu mwaka. Jibu aliloleta lilikuwa hivi: mwanafunzi achague solo ya bingwa kwenye rekodi, aishike yote kwa sikio, aje aipige pamoja na rekodi bila karatasi, na walimu wasikilize vitu vitatu, nota, muda, na matamshi ya sauti. Kisha apige solo yake mwenyewe kwenye chodi zilezile, na asikilizwe kama amesikia chodi zinavyobadilika au anapita tu juu yake. Mwalimu wa violini anaweza kukaa kwenye meza hiyo na kutoa maksi bila kuwa mtu wa jazz. Hilo liliwatuliza wengi.

Mara ya pili hakuomba digrii. Aliomba mkondo wa jazz ndani ya digrii iliyokuwepo tayari, mwanafunzi anabadilishana kozi kadhaa za klasiki na za jazz, krediti zinabaki palepale, na kibali kinaishia ndani ya chuo bila kwenda kwenye bodi. Watu wake wa karibu waliona amejishusha. Mimi naona huo ndo uamuzi wake bora kuliko yote, kwa sababu wahitimu wa mkondo ule walitoka na digrii ambayo shule za sekondari za jimbo zinaitambua, wakaajiriwa kufundisha bendi, wakaanza kumtumia wanafunzi wao. Ndani ya miaka michache bendi ilikuwa na wapulizaji ambao wameshajua mambo toka sekondari.

Darasa la upangaji wa muziki lilikuwa la kwake na alilipenda kuliko yote. Alikuwa anarudia kwamba Duke Ellington, mtunzi na kiongozi wa bendi ya jazz, aliandika kwa ajili ya mtu, hakuandika kwa ajili ya chombo, kwa hiyo mwanafunzi haruhusiwi kuandika tarumbeta ya pili, anaandika kwa ajili ya yule binti aliyekaa kiti cha pili, anayepata sauti nzuri chini na juu anachoka. Lazima aende akamsikilize kwanza.

Alipoondoka

Afya ilimlazimisha kustaafu mapema kuliko alivyopanga, na aliondoka ndani ya muhula mmoja. Wakati huo alikuwa anaendesha bendi mbili, vikundi vidogo vyote, darasa la upangaji, maktaba ya nota, tamasha la bendi za sekondari la kila majira ya kuchipua, na kutafuta wanafunzi kwa simu yake ya mkononi.

Idara ilipotangaza nafasi yake ilitangaza kama ilivyokuwa kwenye vitabu, yaani mwalimu wa chombo kile cha kupuliza, klasiki, na jazz ikawekwa chini kama sifa ya ziada. Aliyepatikana alikuwa mwalimu mzuri wa klasiki na mtu muungwana, ila jazz hakuifahamu na hakujifanya anaifahamu. Tamasha la sekondari lilikufa mwaka huohuo kwa sababu orodha ya walimu wa shule ilikuwa kwenye simu ya Profesa. Vikundi vidogo vikabaki viwili, vinajisimamia vyenyewe. Makanisani hakuna aliyekwenda tena, na baada ya miaka michache viti vya piano na dramu vikarudi kuwa shida. Mzee wa besi alimaliza muhula akaondoka kimyakimya, saa zake zilikuwa zinaombwa upya kila mwaka na safari hii hakukuwa na wa kuziomba.

Vilivyobaki: namba ya kozi, Jumanne na Alhamisi saa tisa, mkondo ndani ya digrii, mtihani wa kushika solo kwa sikio, na makabati ya nota ambayo kila bahasha ina orodha ya sehemu zilizomo kwa mwandiko wake wa penseli. Wahitimu waliokuwa wanafundisha kwenye shule za jimbo waliandika barua kwa amidi, si moja si mbili, na hatimaye ikapatikana nafasi mpya ambayo nusu yake imeandikwa rasmi kuwa ya jazz.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi kwanza ni mpangilio wa maombi. Kaanza na kitu kisichogharimu lakini kinachodumu, kaja na watu, kaja na mwalimu, mwisho ndo mtaala. Angeanza na digrii, alivyojaribu mwaka wa saba, angepoteza nguvu zake zote za ujana kwenye kamati huku bendi haina besi. Pia kila alichokitaka alikipata kwa kutoa kitu ambacho mwenzake anakihitaji kweli, lile darasa la nadharia lilimnunulia heshima ambayo hotuba kuhusu uzito wa jazz isingeweza.

Pili ni kufungua mlango kwa wasiosoma nota bila kuwaacha hapohapo. Hili kwa nchi zetu nalisisitiza. Waliobeba muziki wa dansi na taarab wengi hawana cheti, na wapo bado, wanapiga harusini na kwenye mabaa. Akademi ya muziki ya DCMA (Dhow Countries Music Academy) pale Zanzibar toka ianze 2002 imekuwa ikiwaweka mafundi wa taarab darasani na matokeo yanasikika. Chuo kikuu chenye masharti ya masters kinaweza kufanya hivyo pia, ila mtu lazima akae atengeneze lile faili, akusanye rekodi na barua, awe tayari kurudishwa. Sikubaliani na wanaosema sheria hairuhusu. Mara nyingi hakuna aliyeisoma mpaka mwisho.

Kilichoshindikana, na hapa nasema nikimheshimu sana, ni kwamba kazi nyingi aliibeba bila kuiandika. Vikundi vidogo ndo mfano mkubwa. Kila Jumamosi aliyojitolea ilikuwa inawaambia wakubwa kwamba kazi hii haihitaji mtu wa pili. Alipokuwa na nguvu na jina zuri, baada ya mkondo kupita, ndo ulikuwa wakati wa kudai saa ziandikwe na nafasi yake mwenyewe ibadilishwe kwenye vitabu. Nafasi ile ilibaki ya klasiki kwa maandishi kwa zaidi ya miaka 20 ilhali kila mtu alimjua kama mtu wa jazz, na siku ya kutangaza kazi watu wa utumishi walisoma maandishi.

Mzee wa besi hakutendewa haki. Kumwingiza ilikuwa ushindi, ila alibaki wa kulipwa kwa saa, bila bima, miaka yote, akifundisha kitu ambacho ndicho kilikuwa kinavuta wanafunzi. Faili lilikuwepo, ushahidi ulikuwepo, hatua ya pili ya kumwombea mkataba wa mwaka mzima haikuchukuliwa, kila mara kulikuwa na jambo la haraka zaidi.

Na wasichana. Ukipitia picha za bendi kwa miaka yote ile unaona wawili, watatu, miaka mingine hakuna, wakati idara yenyewe ilikuwa imejaa wasichana wanaopuliza vizuri mno. Usaili ulikuwa unafanyika uso kwa uso, wimbo unatangazwa palepale, wavulana waliozoea kujitupa wanajitupa, wengine wanarudi nyuma. Profesa hakuwa mbaguzi na naamini hakuliona. Mwalimu aliyepo sasa ameweka pazia kwenye usaili ili wasikilizaji wasimwone anayepiga, nota na rekodi zinatolewa wiki mbili kabla, na kila anayepuliza anatakiwa kupiga solo fupi, hakuna kuulizwa nani anataka. Msimu wa kwanza wa pazia saksafoni tatu kati ya tano na tarumbeta ya kwanza walikuwa wasichana, vikundi vidogo vikarudi kuwa vinne, na walimu watatu wanaovisimamia kila mmoja ana saa zake kwenye mkataba.